Mshahara wa kazi ao mshahara wa adresi?

Tulipomaliza kuhesabu feza ya likelemba, mama mmoja alinivuta pembeni na kuniuliza jambo ambalo halijibiwi kwa neno moja. Kijana wake alisoma enformatike hapa Lubumbashi. Sasa anaandika programu za kompyuta kwa kampuni moja ya Ulaya, na hajawahi kupanda ndege. Kila mwisho wa mwezi anapata dola ambazo mwalimu ao muuguzi wa hapa kwetu hazioni. Nyumba ya mama imepata mabati mapya, na wadogo zake wamelipiwa minervali. Halafu siku moja, katika mazungumzo na mwenzake wa kazi anayekaa kule Ulaya, akajua kwamba mwenzake huyo, wa cheo kilekile na kazi ileile, anapata karibu mara nne. Alipomwuliza mkubwa wake, alijibiwa kwa upole: kwenu maisha si ya bei. "Mwalimu," mama akaniuliza, "wanamwibia mtoto wangu, ao ni yeye asiyejua kushukuru?"

Nimelibeba swali hilo wiki nzima. Ni letu sote, kwa sababu wengi wetu tunauza vitenge, tunauza makala, tunakopa hapa na pale ili watoto wasomee kazi hiyo ya kompyuta, tukiamini kwamba kompyuta haiangalii mtu anatoka wapi. Kompyuta haiangalii, ni kweli. Anayelipa mshahara anaangalia.

Kwa wamama ambao kazi hii wanaisikia tu, nieleze kidogo. Unapotuma feza kwa M-Pesa, simu inajua salio lako, inakata feza ya kutuma, inampelekea mwenzako ujumbe. Yote hayo ni amri ambazo watu wameziandika mstari kwa mstari, kwa lugha ambayo kompyuta inaielewa. Kuandika amri hizo ndiko kuandika programu. Mwandishi wake hahitaji kiwanda wala depo. Anahitaji kompyuta, umeme, intaneti na kichwa chake. Kazi ikimalizika anaituma kama sisi tunavyotuma picha ya mtoto kwa WhatsApp, na anayeipokea hawezi kuona katika mistari ile kama iliandikwa Kampemba ao Paris. Zamani kampuni nyingi ziliwataka watu hao waje ofisini kila siku. Mwaka 2020, Covid ilipofunga ofisi, ikaonekana kwamba kazi inaendelea hata kila mtu akiwa nyumbani kwake. Hapo ndipo swali la mama huyu lilipopata nguvu, na wa kwanza kulipigia kelele hawakuwa Wakongo. Walikuwa Wamarekani.

Kampuni nyingi kubwa za kompyuta ziko San Francisco na miji inayouzunguka, katika jimbo la California, na kodi ya nyumba kule inatisha. Wafanyakazi walipoambiwa wabaki nyumbani, wengi waliwaza kuhamia miji ya mbali yenye kodi ndogo huku wakiendelea na kazi ileile. Mwezi wa tano 2020, Mark Zuckerberg wa Facebook aliwaambia watu wake kwamba wataweza kuhama, lakini mshahara utarekebishwa kufuatana na mahali watakapokaa, na kwamba mtu asidanganye juu ya mahali anapokaa, kwa maana atapata matatizo. Mwaka uliofuata Google iliwapa wafanyakazi wake programu ya kuhesabu mshahara utakuwa ngapi mtu akihama. Shirika la habari la Reuters lilieleza mfano wa Stamford, mji ulio mwendo wa saa moja kwa treni kutoka New York. Anayekaa Stamford na kufanyia kazi nyumbani angekatwa asilimia 15. Mwenzake wa ofisi ileile, anayefanyia kazi nyumbani lakini ndani ya New York, asingekatwa kitu. Kwetu ni kama mtu anayehama kutoka Lubumbashi kwenda Kipushi, halafu patroni anamwambia: kichwa chako kimepungua thamani njiani.

Kuna kampuni inayoitwa GitLab, ambayo haina ofisi hata moja. Wafanyakazi wake wametawanyika katika makumi ya nchi. Hiyo ilichapisha hadharani kanuni yake ya mishahara, kila mtu aisome. Unachukua mshahara wa San Francisco kwa kazi fulani, kisha unauzidisha kwa namba ya mahali anapokaa mfanyakazi. Mahali penye mishahara midogo, namba ni ndogo. Kampuni nyingine ya Marekani, 37signals, wenye programu ya Basecamp, imechagua njia tofauti kabisa. Inaangalia mishahara ya San Francisco, kisha inalipa watu wote wa cheo kimoja sawasawa, popote wanapokaa. Reddit nayo ilifuta kanda za mishahara mwaka 2020, na Airbnb ikafanya namna hiyo mwaka 2022. Lakini msikimbie kupiga vigelegele. Reddit na Airbnb zilisawazisha ndani ya nchi. Ukihama kutoka mji hadi mji ndani ya Marekani, mshahara haubadiliki. Mpaka wa nchi ulibaki palepale, na ni upande wa pili wa mpaka huo tunakokaa sisi.

Sasa tulichukue lile neno: kwenu maisha si ya bei. Wamama, ni nani anayejua bei ya maisha kuliko sisi? Mahindi na unga vingi tunavyokula vinapita Kasumbalesa kutoka Zambia, na Zambia ikizuia mahindi yake, meka ya unga inapanda kabla ya jua kuzama. Kompyuta ya kijana huyu imepita bandari, mipaka na mikono mingi, na bei yake haikushuka juu ya kuona inakwenda kwa watu wasio na feza. SNEL inakata umeme. Basi kijana amenunua paneli za jua, betri na vifaa vyake. Kule Ulaya ni nani anayenunua betri ili aweze kwenda kazini? Mega za intaneti anazilipia mwenyewe. Kodi ya nyumba yenye usalama inaombwa kwa dola, pamoja na garanti ya miezi. Mtoto akiugua, kabla ya sindano kuna feza ya kuweka mezani. Na sisemi juu ya jamaa: mwenzake wa Ulaya pengine analisha watu watatu, yeye mshahara wake unangojewa na nyumba nne, na kila msiba unapiga simu kwake kwanza.

Ni nini basi kilicho cha bei ya chini hapa kwetu? Nimehesabu, na kitu kikubwa nilichokipata ni kazi ya watu. Kufuliwa nguo ni bei ya chini. Sentineli anayekesha mlangoni ni bei ya chini. Kusukwa nywele saa tano mfululizo, kubebewa mzigo sokoni, kujengewa ukuta, na kufundishiwa mtoto pia, nalisema nikiwa na chaki mkononi. Maisha hapa ni rahisi kwa yule anayenunua jasho la mwenzake. Kwa hiyo mkubwa anaposema "tunakulipa kidogo kwa sababu maisha ya kwenu ni rahisi", maana yake, hata kama yeye hakuifikiria, ni hii: tunakulipa kidogo kwa sababu jirani zako wanalipwa kidogo.

GitLab yenyewe haikujificha hapo. Ilisema wazi kwamba haihesabu bei ya mkate. Inahesabu bei ya wafanyakazi katika soko la kila mahali. Neno hilo naliheshimu kuliko lile la kusema maisha ni rahisi, kwa sababu angalau ni la kweli, na soko ni lugha yetu. Mama anayeuza nyanya anajua. Wanunuzi watatu wakisimama mbele ya meza yake, anataja bei na kuishikilia. Jioni ikifika, mnunuzi akabaki mmoja na nyanya zikaanza kulainika, mnunuzi ndiye anayetaja. Nyanya ni zilezile za asubuhi. Kijana wa Berlin akikataa kazi moja, kesho yake kuna kampuni nyingine inayomwita. Kijana wa Lubumbashi akikataa, kuna nini? Kampuni za hapa zinazohitaji mwandishi wa programu ni chache, na zile za mbali nyingi hazijui hata kuutamka mji wetu. Mshahara wake unapimwa kwa milango aliyo nayo, na bei ya sukari haimo katika hesabu hiyo.

Lakini kuna bidhaa moja ya kwetu ambayo haipimwi namna hiyo mbele ya dunia. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na nyingi inatoka upande wa Kolwezi. Bei yake inatajwa London. Hakuna mtengenezaji wa betri anayesema: kobalti hii imetoka mahali ambako bukari ni rahisi, tutailipia robo. Anauliza kilo ngapi, tenere gani, basi. Mawe yanalipwa kwa jinsi yalivyo. Anayepunjwa ni mchimbaji aliye shimoni, kwa maana yeye ana mnunuzi mmoja karibu, na mnunuzi huyo ndiye mwenye mizani. Ninapomwangalia kijana wa mama yetu, namwona katikati: kazi yake inauzwa duniani kama kobalti, yeye mwenyewe analipwa kama mchimbaji.

Sisi walimu hesabu ya adresi tuliijua kabla ya Google. Kwa miaka mingi mishahara ya walimu wa serikali iligawanywa kwa kanda: Kinshasa juu, Lubumbashi chini yake, na ndani ya vijiji mwisho kabisa. Diplome moja, programu moja ya masomo, mtihani mmoja wa taifa mwisho wa sekondari, mishahara tofauti. Sababu iliyotolewa mnaikisia: Kinshasa maisha ni ya bei. Vyama vya walimu vimedai mara nyingi kanda hizo zifutwe, na wenzetu wa vijijini wana haki kuliko wote, kwa sababu aliyewahi kununua sabuni, chumvi ao daftari mahali ambako barabara imekufa anajua kwamba bidhaa ya duka huko inazidi bei ya mjini. Yule mwalimu alipanda baiskeli siku nzima kufuata mshahara wake, na mshahara wenyewe ulikuwa umepunguzwa kwa kuwa eti kwake hakuna matumizi. Kama hesabu hiyo ilikuwa mbaya kati ya Kinshasa na kijiji cha Haut-Lomami, sioni inakuwaje nzuri kati ya California na Lubumbashi.

Na mji wetu una kumbukumbu ya zamani zaidi. Wazee waliofanya kazi Union Minière walipokea poso: unga kwa kipimo, nyama kwa kipimo, kufuatana na mke na watoto, na juu yake feza kidogo. Mahitaji ya Mwafrika yalikwisha kupimwa na kuandikwa na mtu mwingine. Mzungu hakupimiwa unga; yeye alilipwa mshahara. Mwezi wa 12 mwaka 1941, bei za vitu zikiwa zimepanda kwa ajili ya vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara ipandishwe. Tarehe 9 mwezi huo, katika uwanja wa mpira wa mji huu, ambao wakati ule uliitwa Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi. Makumi walikufa, pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi. Sisemi kwamba kampuni za leo zinaua watu. Kuwalinganisha namna hiyo kungekuwa kukosea wafu wetu. Nasema tu kwamba wazo la kumlipa mtu kwa kile tunachodhani kinamtosha, badala ya kile alichokifanya, lilikwisha kukaa hapa, na wazee wetu hawakulipenda.

Wamama, wazo hilo linatugusa hata ndani ya nyumba. Ni wangapi kati yetu waliosikia: "wewe uko na bwana, feza nyingi ni za nini?" Mwanamke na mwanaume wanashona pamoja kwenye atelye moja, mwanaume anaongezewa kwa sababu ana familia. Mjane mwenye watoto sita akisimama na kusema "na mimi nina familia", wanacheka. Sheria yetu ya kazi, ile ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, haicheki. Inasema kwamba masharti ya kazi, ujuzi na matokeo yakiwa sawa, mshahara ni sawa kwa wafanyakazi wote, bila kuangalia asili yao, jinsia ao umri. Ni sentensi fupi, na sisi wanawake tumeitumia kama ngao. Siwezi kuishika kwa mkono wa kuume nikidai haki ya binti yangu, kisha niiachilie kwa mkono wa kushoto mtu anapomwambia mtoto wa jirani kwamba adresi yake inampunguzia thamani.

Upande wa pili una maneno yake, na si maneno ya kipuuzi. La kwanza nimeambiwa na mwenzangu wa shule, mtu wa hesabu. Kama kampuni ingelazimika kumlipa kijana wa Lubumbashi sawa na wa San Francisco, kwa nini imtafute wa Lubumbashi? Wa San Francisco yuko karibu, umeme wake haukatiki, lugha yao ni moja, saa zao ni moja. Bei ya chini ndiyo iliyomfungulia kijana mlango. Ukiifuta kesho asubuhi kwa amri, huenda unamfungia. Neno hilo limenikaa moyoni kwa sababu ni kweli kwa anayeanza. Fundi kijana naye anashona kitenge cha kwanza kwa bei ndogo ili ajulikane.

La pili ni la mtaa wetu. Kijana mmoja akilipwa dola elfu kadhaa katika avenue ambayo mwalimu anapokea franka zisizofika mwisho wa mwezi, mwenye nyumba anapandisha kodi kwa wote, na walimu wa hesabu wanaanza kuacha shule ili wajifunze kuandika programu. Wawili watatu wazuri wakiondoka, darasa linabaki na nani? Naiona hatari hiyo. Lakini dawa yake ni kumpandisha mwalimu. Kumshusha kijana kwa faida ya tajiri wa mbali hakuniongezei hata franka moja.

Tuangalie pia mlango ule wa bei ya chini ulivyowatendea waliotutangulia. Mwaka 2014 ilianzishwa Lagos kampuni iitwayo Andela. Iliwachagua vijana Waafrika, ikawafundisha, ikawatoa kufanyia kazi kampuni za Marekani kutoka mbali. Baadaye ikafungua Nairobi na Kampala. Mark Zuckerberg na mke wake waliitia feza mwaka 2016, na magazeti yaliiimba. Mwezi wa tisa 2019 iliwaachisha kazi vijana karibu 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya, kwa maelezo kwamba wateja hawahitaji tena wanaoanza, wanataka wenye uzoefu. Kuwa wa bei ya chini kuliwaingiza. Siku ya kutolewa hakukuwalinda. Anayeajiriwa kwa sababu ni rahisi anaachwa akipatikana aliye rahisi zaidi, na sasa kuna hata mashine zinazoandika sehemu ya programu bila kuomba chakula.

Na mashine hizo zilifundishwa na nani? Mwezi wa kwanza 2023 gazeti la TIME lilieleza juu ya wafanyakazi wa Nairobi waliosoma maandishi machafu, ya ukatili na ya kuwadhuru watoto, wakiyapangia alama ili ChatGPT ijifunze kuyakataa. Mwajiri wao, kampuni ya Sama, aliwalipa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mkataba kati ya Sama na OpenAI ulitaja dola 12.50 kwa saa. Hiyo si kazi ya kuandika programu, najua, lakini inaonyesha jambo ambalo kijana wetu alikuwa halioni: mara nyingi kuna bei mbili, ile anayolipa mteja na ile inayomfikia mfanyakazi, na maneno "kwenu maisha ni rahisi" yanakaa katikati yake vizuri sana, kama negosian kati ya shimo na kiwanda.

Mimi nilipofikia ni hapa. Tofauti ya gharama ya maisha ipo, wala sitaki kuwanyima watu wa San Francisco kodi yao ya nyumba. Lakini katika nchi yetu tunajua zamani namna ya kulipia mahitaji bila kuharibu mshahara. Sheria yetu ya kazi inatenga mshahara na vitu vingine vinavyokuja juu yake: alokasio za watoto, nyumba, usafiri, matunzo ya hospitali. Mwenye watoto saba anaongezewa alokasio, na hakuna anayesema kwamba kazi yake ni bora kuliko ya mwenzake asiye na mtoto. Kazi inalipwa kama kazi. Mzigo wa maisha unaandikwa kwenye mstari wake. Kampuni za kompyuta zingeweza kufanya hivyo. Ziweke bareme moja kwa cheo kimoja, duniani kote. Anayekaa mahali pa kodi kubwa aongezewe posho ya nyumba, waziwazi. Na anayekaa mahali pasipo na umeme aongezewe posho ya betri, vilevile waziwazi! Hapo ndipo tungeona hesabu ya adresi inavyogeuka, kwa sababu kukaa Lubumbashi kuna gharama ambazo hakuna aliyewahi kuziweka kwenye ile namba yao.

Je, zitafanya? Chache zimefanya, kama tulivyoona, na hazikufunga milango yao. Nyingi hazitafanya kwa hiari. Hakuna serikali ya Congo inayoweza kuilazimisha kampuni ya Berlin, na watoto wetu wengi hawahesabiwi hata kama wafanyakazi. Mkataba wao unawaita wakonsulta, ili sheria ya kazi, alokasio na pensheni visiwahusu. Kwa hiyo wakati tunangoja, kijana anabaki na njia ya mama wa nyanya: kuongeza wanunuzi.

Nilimjibu mama hivi. Mtoto wako hakuibiwa mfukoni, na kuuliza kwake hakukuwa kukosa shukrani. Asiache kazi kwa hasira. Nyumba nne zinangojea. Kwa mwaka huu wa kwanza ashike kazi, ajifunze, na ajenge jina lake, kazi zake zionekane mahali ambapo kampuni nyingine zinaweza kuziona. Aongeze Kiingereza juu ya Kifaransa, kwa sababu kila lugha ni wanunuzi zaidi mbele ya meza. Afungue mazungumzo na vijana wengine wa hapa na wa Goma, Nairobi, Kigali wanaofanya kazi hiyo, waambiane mishahara yao bila aibu. Ukimya juu ya mishahara unamfaidi mlipaji peke yake. Sisi wamama tunafanya hivyo kila asubuhi kabla ya kutandaza bidhaa: tunaulizana leo mahindi ni ngapi. Na binti zetu wasiachwe nje ya mazungumzo hayo. Kazi ya kufanyia nyumbani inawafaa wenye watoto wadogo, na kwa sababu hiyohiyo kuna atakayetaka kuwapunguzia mara mbili, mara moja kwa adresi na mara moja kwa kuwa wanawake.

Kabla ya kutia sahihi mkataba mpya, aulize na ajibiwe kwa maandishi. Mshahara ni kwa dola ao kwa feza gani, na gharama ya kuutuma inakatwa kwa nani? Betri na mega zinalipwa na nani? Umeme ukikosekana siku mbili, je, siku hizo zinakatwa? Yeye ni mfanyakazi ao konsulta, na akiugua inakuwaje? Mshahara utaangaliwa upya baada ya miezi mingapi, kwa kipimo gani? Kama kuna kampuni ya katikati, mteja anailipa ngapi kwa saa ya kazi yake? Wengine hawatajibu hilo la mwisho, na kutojibu kwao ni kitu cha kuandika kwenye daftari. Halafu abakize swali moja, aliulize kwa upole uleule alioonyeshwa: nikihamia Brussels mwezi ujao, na kompyuta hii hii, mtanilipa ngapi?